Kibla Twaijua: Simu Yamwambia Nani Tulipo?

Siku hizi ni nadra kumkuta kijana wa Pwani asiyekuwa na adhana mfukoni. Yumo katika matatu ya Kisauni, au yuko Marikiti ampimia mteja kitambaa, mara simu yake yaadhini. Huitoa, akaitazama, akajua kwamba Alasiri imeingia. Na akiwa ugenini, katika chumba cha hoteli au nyumba ya watu asiowazoea, huilaza simu juu ya kiganja mpaka mshale utulie, kisha akatandika msala wake upande ulioonyeshwa. Hiyo ni neema, na mwenye kuikana neema ni mkosa shukrani.

Walakini, ndugu msomaji, neema nayo ina maswali yake. Ili simu ikwambie kibla iko wapi na Magharibi itaingia saa ngapi, yabidi kwanza ijue wewe uko wapi. Hapo hapana hila wala ubaya, hata mwanachuoni wa falaki, kabla hajaanza hesabu zake, hukuuliza kwanza, "Mji gani?" Swali letu la leo ni hili: simu ikishajua ulipo, je, hulisitiri jambo hilo ndani yake, au hutoka ikaenda kumwambia mtu? Na ikiwa yamwambia, huyo mtu ni nani, na ana haja gani na wewe?

Wengi hudhani maswali ya namna hii ni ya mafundi wa kompyuta peke yao. Lakini kiini chake ni sitara, na sitara ni jambo ambalo watu wa mwambao huu walilijua na kulilinda karne nyingi kabla simu ya kwanza haijalia.

KIBLA YA WAZEE

Tuanze na kibla yenyewe. Katika Kiswahili cha Pwani neno hili lina maana mbili: upande wa Makka, na upande wa kaskazini. Baharia aliyesema kwamba wingu limetanda kibla hakuwa akizungumza habari za sala. Alikuwa akiutaja upande wa dunia. Wala wazee hawakuchanganya mambo. Makka ipo katika longitudo ya digrii 39.8 mashariki, na Mombasa ipo katika digrii 39.7 hivi. Miji hiyo miwili karibu iwe juu ya mstari mmoja, mmoja kaskazini na mwengine kusini, kwa masafa ya kama kilomita 2,800. Mtu anayesimama Mombasa akaelekea kaskazini sawasawa, hakosi upande wa Makka hata kwa nusu ya digrii moja. Wa Lamu, kwa kuwa kisiwa chao kimeingia zaidi mashariki, yawapasa wageuke kidogo upande wa magharibi, digrii mbili na nusu hivi. Ndiyo maana ukienda kuyatazama magofu ya Msikiti Mkuu wa Gede utaiona mihirabu yake katika ukuta wa kaskazini.

Kwa sababu hiyo hiyo, jua la Adhuhuri huvuka mstari wa katikati ya mbingu huko Makka, na baada ya sekunde kama 40 tu likauvuka hapa Mombasa. Na kwa kuwa Kenya na Saudi Arabia hufuata saa moja, anayetazama saa ya ukutani Makka na anayetazama saa ya ukutani Mji wa Kale huiona Adhuhuri ikiingia karibu pamoja.

Nayataja haya ili tukubaliane juu ya jambo moja ambalo mazungumzo yetu yote yamesimama juu yake: kibla na nyakati za sala ni hesabu. Ukishaujua mji na tarehe, na pembe ya jua inayofuatwa kwa Alfajiri na kwa Isha, yaliyobaki ni kujumlisha na kutoa. Jedwali lililochapwa likabandikwa ukutani msikitini huufaa mji mzima kwa mwaka mzima. Husomwa na tajiri na hamali, mwenyeji na mpita njia, wala jedwali halijui ni nani aliyelisoma, ametoka nyumba gani, na akimaliza kusali atakwenda wapi.

Na simu ya leo, hata iliyo rahisi kabisa, yaweza kuifanya hesabu hiyo yenyewe kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Haihitaji kumuuliza mtu.

MNARA WA TAA

Sasa, simu hujuaje ilipo? Juu ya vichwa vyetu, kwa urefu wa kilomita zipatazo 20,000, kunazunguka setilaiti za mfumo uitwao GPS, ambao ni mali ya serikali ya Marekani. Zinazofanya kazi ni kama 30. Kila moja hutangaza daima saa yake na mahali ilipo. Simu husikiliza matangazo ya setilaiti nne au zaidi, hupima kila tangazo limechelewa kwa muda gani njiani, na kutokana na ucheleweshaji huo hukata hesabu ya pale iliposimama.

Angalia vizuri, msomaji: katika kazi hiyo simu husikiliza tu, haisemi. Mfano wake ni nahodha anayerudi usiku. Huuona mnara wa taa, akaujua mlango wa bandari uko wapi na miamba iko wapi, akakiongoza chombo chake kwa salama. Yeye ameiona taa, lakini taa haikumwona yeye. Setilaiti nazo ndivyo zilivyo. Hazijui kwamba wewe upo duniani.

Mijini, penye majumba marefu, simu hujisaidia pia kwa milingoti ya simu na mitambo ya Wi-Fi iliyo karibu, na hapo huwa yaiuliza kompyuta ya kampuni iliyotengeneza mfumo wake. Kampuni yako ya simu nayo yajua ni mlingoti upi ulio jirani nawe, kwani bila ya hilo isingeweza kukufikishia simu unayopigiwa. Hayo ni mambo ya lazima ya chombo chenyewe. Tunayoyazungumzia sisi ni yale yasiyokuwa ya lazima.

SAFARI YA KWENDA SEVA

Programu ya simu ikishapewa ruhusa ya kujua mahali, husoma namba mbili, latitudo na longitudo. Yaweza kuzifungia pamoja na saa na dakika, usahihi wa mita ngapi, na namba maalumu ambayo simu imepewa kwa ajili ya wafanyabiashara wa matangazo. Fungu hilo dogo huwekwa tayari ndani ya simu, na mtandao ukipatikana hupakiwa likasafiri kwa intaneti mpaka kwenye seva. Seva ni kompyuta isiyolala, inayokaa pengine ng'ambo ya bahari, kazi yake kupokea na kuhifadhi. Baada ya dakika kadhaa huja fungu jengine, na jengine, mchana na usiku. Ukiwa mahali pasipo na mtandao, baharini au njia ya Kiunga, hilo haliipi programu taabu. Huyalimbika mafungu yake, ikangojea. Ukirudi penye mawimbi ya simu huyapeleka yote kwa mkupuo mmoja, kila moja na saa yake.

Na jambo la kustaajabisha ni kwamba gharama ya safari hiyo ni yako wewe. Ni betri yako inayotumika, na ni bando ulilolinunua kwa pesa zako linaloliwa. Anayefuatwa ndiye anayemlipia nauli anayemfuata.

Je, ni nani aliyeitia kazi hiyo ndani ya programu ya sala? Aghalabu si adui wa dini wala mtu mwenye chuki. Programu hizi hutolewa bure, na aliyezitengeneza ana watoto wa kulisha. Huja kampuni ikamwambia: chukua kipande hiki cha programu tuliyoiandika sisi, kiingize ndani ya yako, nasi tutakulipa kwa kadiri ya watu ulionao. Yeye hukiingiza. Kutoka hapo, namba za mahali walipo watu wake huenda kwenye seva ya kampuni ile. Kampuni ile humuuzia mwengine, na huyo humuuzia wa tatu. Mwenye programu pengine hamjui hata mnunuzi wa mwisho, sembuse yule aliyeshika simu akingojea Isha.

YALIYOFICHUKA

Haya si dhana za watu wa barazani. Mnamo Novemba 2020 jarida la Motherboard la Marekani lilifichua kwamba programu ya Muslim Pro, iliyotengenezwa na kampuni ya Singapore na ambayo wakati ule ilikuwa imeshapakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode. X-Mode nayo ilikuwa ikiwauzia data hizo makandarasi, na kupitia kwao data zilifika kwa jeshi la Marekani. Siyo Muslim Pro peke yake. Kipande cha X-Mode kilikuwa kimo ndani ya mamia ya programu za kila aina. Lakini ni hii iliyowachoma watu, kwa sababu aliyeifungua alikuwa amekusudia ibada.

Muslim Pro ilikanusha kwamba imeliuzia jeshi data za watu wake, na ikatangaza kuvunja uhusiano na washirika wake wa data, X-Mode akiwa mmoja wao. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo, Apple na Google ziliwaamuru watengenezaji wakiondoe kipande cha X-Mode katika programu zao. Januari 2021 jarida lile lile likaandika habari ya programu nyengine ya sala, Salaat First, ambayo ilikuwa ikipeleka mahali walipo watu kwa kampuni ya Ufaransa iitwayo Predicio. Mwaka 2022 watafiti wawili walivumbua kipande chengine, cha kampuni iliyoandikishwa Panama, ndani ya programu kadhaa, za sala zikiwemo. Kilikusanya mahali mtu alipo, na juu ya hayo namba za simu na anwani za barua pepe. Google iliziondoa programu hizo mpaka zikisafishe.

Hatimaye, Januari 2024, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara iliichukulia hatua X-Mode, ambayo wakati huo ilikuwa imeshageuza jina na kuitwa Outlogic, ikaipiga marufuku kuuza data zinazoonyesha watu waliofika mahali pa siri na heshima, kama vile zahanati na nyumba za ibada. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa tume hiyo kutoa amri ya namna hiyo. Tazama tarehe, msomaji: kutoka Novemba 2020 mpaka Januari 2024 ni zaidi ya miaka mitatu. Sheria hutembea kwa miguu, na data hupaa.

"HAWANA JINA"

Kila mambo haya yakifichuka, wauzaji huwa na jibu moja: data zetu hazina majina ya watu. Ni kweli, jina halimo. Lakini na tulitazame jibu hili kwa makini.

Tuseme kuna mtu hatumjui. Twachoambiwa ni namba yake ya matangazo na mahali simu yake ilipokuwa. Usiku wote, kuanzia saa nne hadi saa kumi na nusu, simu imelala katika nyumba moja Kibokoni. Saa kumi na moja imo msikitini. Kuanzia saa mbili asubuhi imo katika duka moja Marikiti. Kila Ijumaa hufika msikiti mwengine ulio mbali na kwao. Alhamisi mbili kwa mwezi huwa katika zahanati ya wagonjwa wa namna fulani. Niambie, yahitajika jina tena? Nyumba anayolala na duka anakoshinda vimeshakwisha kumtaja. Mtoto yeyote wa mtaa huo angekutajia jina lake, la babake na la shangazi yake.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha utafiti juu ya data za simu za watu milioni 1.5 kwa muda wa miezi 15. Walikuta kwamba alama nne tu za mahali na saa zatosha kumpambanua mtu mmoja na wenzake wote, kwa watu 95 katika kila mia. Alama nne! Mtu hutimiza alama nne kabla hajala chakula cha mchana.

HODI

Wapo watakaosema: "Mimi sina la kuficha. Mtu akijua nasali msikiti gani yatanidhuru nini?" Kauli hii husemwa na watu wema, basi haifai kudharauliwa. Lakini mwenye kusema hivyo, hebu aitazame nyumba aliyozaliwa.

Nyumba ya kale ya Lamu mgeni haingii moja kwa moja. Kwanza kuna daka, penye viti vya mawe, ambapo mtu husimama au kukaa akapiga hodi. Ndani ya mlango kuna tekani, na njia hupinda hapo kabla ya kutokeza kiwandani, ili mlango ukiwa wazi mpita njia asione yaliyo ndani. Je, wenye nyumba hizo walikuwa wezi? Walikuwa na hatia gani hata wakapinda njia? Walikuwa watu waungwana, na walijenga hivyo kwa sababu uungwana ni pamoja na kuwa na mahali ambapo jicho la mtu halifiki ila kwa idhini.

Na hodi yetu ina adabu zake. Mtu hupiga hodi, akaulizwa, "Nani?" Hujitaja. Huulizwa habari, akaeleza lililomleta. Mwenye nyumba akipenda husema karibu. Asipopenda, mgeni hurudi bila ya kinyongo. Asili ya adabu hiyo twaijua: imo katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, inayokataza kuingia nyumba za watu bila ya kubisha na kupata idhini. Na katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, waumini wamekatazwa kupelelezana. Aya hizo hazikuja kuwasitiri wakosaji. Zimekuja kulinda heshima ya kila mtu.

Sasa ifananishe na ruhusa unayoombwa na programu. Inapofunguliwa mara ya kwanza hutokea swali: wairuhusu kujua ulipo? Hiyo, kwa kweli, ni hodi. Lakini ni hodi ya namna gani? Anayebisha amesema, "Nimekuja kukuonyesha kibla." Ukamkaribisha. Ndani ya kanzu yake amewachukua watu watatu usiowajua, na hao hawakujitaja wala hawakueleza lililowaleta. Na maelezo yao, kama yapo, yamo katika maandishi marefu ya Kiingereza cha mawakili, ukurasa juu ya ukurasa, ambayo mtu aliyesimama ukingoni mwa Alasiri hawezi kuyasoma. Idhini iliyopatikana kwa njia hiyo twaweza kuiita idhini?

KIPIMO CHA HAJA

Tusije tukavuka mpaka tukasema kila kupeleka mahali ni ubaya. Mvuvi aliyezimikiwa na mashine katikati ya bahari hutaka sana kujulikana alipo, na chombo chake cha kuombea msaada kikipeleka mahali kilipo kimefanya kazi yake hasa. Mtu anayeita teksi kwa simu yampasa amwambie dereva alipo. Mama aliye Mombasa na mwanawe yuko njiani kutoka Nairobi usiku, akiiona basi imefika Voi, hupata usingizi. Katika yote hayo mtu amesema alipo kwa kujua, kwa haja maalumu, na kwa yule aliyemkusudia.

Basi kipimo ni haja. Na haja ya programu ya sala yaweza kupimwa kwa hesabu. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne, na huku kwetu karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111. Maana yake, ukienda mashariki au magharibi kwa kilomita moja, wakati wa Adhuhuri hubadilika kwa sekunde mbili tu. Kutoka Mombasa mpaka Mariakani nyakati za sala hupishana kwa dakika moja hivi. Na kibla vivyo hivyo: ukikosea mahali ulipo kwa kilomita kumi nzima, upande wa Makka kutoka hapa hubadilika kwa moja ya tano ya digrii, jambo ambalo hata mshale wa simu hauwezi kuliona.

Kwa hivyo programu ya sala yatosheka na jina la mji. Ikikwambia, "Nipe Mombasa," imeomba haja yake. Ikitaka mahali kwa mita tano au kumi, kiasi cha kupambanua mlango huu na mlango wa jirani, tena mchana na usiku, hata wakati umeifunga na umelala, na yote hayo ikayapeleka nje ya simu, basi hiyo imeshavuka haja yake ya sala. Kipande kile cha ziada ni biashara, na bidhaa ni wewe.

SHERIA YETU

Hapa kwetu Kenya hatukuachwa mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeyataja mahali mtu alipo miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha, na imani ya mtu imeiweka katika fungu la data nyeti, zenye kulindwa zaidi. Sheria hiyo yataka data zikusanywe kwa kusudi lililotajwa wazi, na zisizidi zile zinazohitajika kwa kusudi hilo. Yaani kipimo cha haja tulichokisema hapo juu kimo ndani ya sheria ya nchi. Mwananchi ana haki ya kuambiwa data zake zatumiwaje, kuziona, kupinga zisitumiwe, na kutaka zile za uongo zirekebishwe au zifutwe. Na ipo Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo kamishna wake wa kwanza aliingia kazini Novemba 2020, mwezi ule ule zilipofichuka habari za Muslim Pro. Malalamiko hupelekwa huko.

Lakini sheria humfaa anayeijua na anayeidai. Seva ikiwa Virginia au Panama, na mwenye simu yuko Mpeketoni au Vanga, baina yao kuna njia ndefu. Ndiyo maana mlango wa kwanza kufungwa ni ule ulio mkononi mwako.

YA KUFANYA

Kazi yenyewe si ngumu. Ingia katika mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya ruhusa za mahali, na uzitazame programu moja moja. Ile isiyokuwa na haja ya kujua ulipo, inyime kabisa. Programu ya tochi au ya kuhesabu tasbihi ina haja gani ya kujua umelala wapi? Ile yenye haja, ipe ruhusa wakati unapoitumia tu, usiipe ruhusa ya daima. Tangu mwaka 2020 kwa simu za iPhone na mwaka 2021 kwa za Android, mtu aweza pia kuchagua programu ipewe mahali pa kukadiria badala ya penyewe hasa. Na kwa sala tumeshaona kwamba kadirio latosha na kuzidi. Programu nyingi za sala zakubali pia uandike jina la mji kwa mkono, ukainyima ruhusa ya mahali moja kwa moja. Na ile namba ya matangazo, simu za Android za siku hizi zina mahali pa kuifuta, na za iPhone zina mahali pa kuzikataza programu zisikufuatilie.

Wazee wasiojua kusoma mipangilio hiyo wasiachwe nyuma. Baada ya Isha vijana huwa wamekaa barazani na simu zao, basi mmoja na amwambie babake, "Baba, hebu nipe simu yako niitazame." Ni robo saa. Maimamu nao, ambao hutukumbusha habari za amana katika mali na maneno, wangefanya vyema kutaja kwamba mahali mtu alipo ni amana pia, na aliyeaminiwa nayo asiiuze.

Na wapo vijana wetu wenyewe, wa Mombasa, Malindi na Lamu, waliosoma kazi hii ya kuandika programu. Kwao tuna ombi. Iandikeni ile ambayo hesabu zake zote zafanywa ndani ya simu, isiyoomba ila jina la mji, isiyokuwa na kipande cha mtu ndani yake. Ikiwa yahitaji gharama, semeni wazi kiasi gani. Watu waliojenga misikiti kwa michango ya senti hawatashindwa kuchangia jedwali. Kwani hicho ndicho tunachokitaka, jedwali kama lile la ukutani msikitini: limpe kila mtu saa yake, wala lisimuulize atokako wala aendako.